Mwamba Ngoma na Mwenye Mizani

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Maneno haya twayasema kwa kucheka, na pengine kwa uchungu, hasa matokeo ya mashindano ya kwaya yakiisha kusomwa. Leo twapenda kuyapima kwa ngoma kubwa kuliko ya kwetu, yaani mashindano ya nyimbo ya Eurovision, ambayo nchi za Ulaya na nyingine chache hushindana mbele ya televisheni.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi 7. Mwaka ule waamuzi waliruhusiwa kuipigia kura hata nchi yao wenyewe, na hesabu za kura hazikutangazwa. Mshindi alikuwa Lys Assia wa Uswisi. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa: hakuna nchi kujipa alama. Watunga kanuni walikiri kwamba mtu hafai kuamua shauri lake mwenyewe.

Lakini mlango ulipofungwa, dirisha lilibaki wazi. Usipoweza kujipa, utampa nduguyo. Toka mwaka 1975 alama ya juu katika orodha moja ya kura ni 12, na mara nyingi mno Ugiriki na Kipro zimepeana hizo 12, hata watazamaji hucheka kabla hazijatajwa. Toka mwaka 1997 wananchi wenyewe walianza kupiga kura kwa simu, na manung'uniko juu ya kupendeleana yakazidi. Mwaka 2009 waamuzi wakarudishwa katika fainali, nusu ya kura ikawa yao.

Je, kumpa jirani alama ni kosa? Sisi twaona kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Mtu wa Kipro asikiapo wimbo wa Kigiriki, asikia lugha ya mama yake. Akisema umempendeza, hasemi uongo. Tena kura ile ya simu ni zawadi yake. Mwaka 2022 Ukraine, iliyokuwa vitani, ilipewa na wananchi alama 439, ikashinda. Nani atathubutu kuwalaumu waliotoa kwa huruma?

Mwamuzi ni mtu mwingine. Yeye hakuitwa kutoa zawadi, aliitwa kushika mizani. Mwenye duka aweza kumpa mpwawe sukari kutoka mfuko wake mwenyewe, wala hapana atakayelalamika. Lakini akigusa mizani kwa ajili ya mpwawe, amewaibia wateja wote. Mwaka huo huo wa 2022, huko Turin, waandalizi waliona mwenendo usio wa kawaida katika kura za waamuzi wa nchi 6 kwenye nusu-fainali ya pili, wakaziondoa. Baadhi ya nchi hizo zilinung'unika. Yaliyokuwa mioyoni mwao si yetu kuyahukumu. Lakini twaona kwamba mizani ikishukiwa tu, hata aliyeshinda kwa haki hukosa raha.

Mtu atauliza, na yule asiye na ndugu je? Uingereza ilipata sifuri mwaka 2003 huko Riga, na tena mwaka 2021 huko Rotterdam, sifuri kwa waamuzi na sifuri kwa wananchi. Wengi walisema, hatuna rafiki. Basi mwaka uliofuata Uingereza hiyo hiyo ilipata alama 466, ikawa ya pili, na kwa waamuzi ikawa ya kwanza. Majirani walikuwa wale wale. Wimbo ndio uliobadilika. Hivyo tusiwe wepesi kusema tumeonewa kabla ya kuuliza kama tuliimba vema.

Wala tusimsahau James Newman, mwimbaji wa ile sifuri ya Rotterdam. Matokeo yalipotajwa alisimama akanyanyua mikono, na ukumbi mzima ukamshangilia. Alama hakupata, heshima alipata.

Nasi siku moja tutaitwa, kuchagua wazee wa kanisa, kupima kwaya, au kuamua ugomvi wa majirani. Hapo kila mmoja wetu ajiulize kwanza: je, mkono huu umeitwa kutoa, au umeitwa kupima? Ukiitwa kutoa, na umkumbuke ndugu. Ukiitwa kupima, ndugu na asubiri nje.