Sarufi na Uadilifu katika Uhakiki: Mfano wa Wimbo wa Chemirocha

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi, sarufi ya mhakiki kwa kawaida huchukuliwa kuwa suala la adabu ya uandishi. Mwanafunzi huaswa achunge upatanisho wa ngeli, asirudie muundo mmoja wa sentensi, na achanganye sentensi fupi na ndefu ili msomaji asichoke. Mawaidha haya ni sahihi, lakini hayaendi mbali. Makala hii inadai kwamba sarufi ya uhakiki ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la mtindo. Kila sentensi inayoandikwa kuhusu kazi ya fasihi humpa mtu fulani tendo, kauli au imani, na aliyeiandika anawajibika kwa kile alichompa mtu huyo. Dai hili litachunguzwa kwa kutumia mfano mmoja kutoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

2.0 Wimbo na Sentensi

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki katika sehemu nyingi za Afrika, alifika Kapkatet, Kericho, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huko kwa njia ya santuri. Wimbo uliopata umaarufu zaidi uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ukifuatishwa na kinubi. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha anasawiriwa humo kama kiumbe nusu mtu nusu swala, na waimbaji wanamhimiza acheze kwa kuruka mpaka nguo zimtoke.

Maelezo hayo ni rahisi kuyafupisha kwa sentensi ya aina hii: "Wakipsigis waliamini kwamba Jimmie Rodgers alikuwa nusu mtu nusu mnyama." Kisarufi, sentensi hii haina kasoro. Kiima kinapatana na kitenzi, njeo ni moja, na kishazi tegemezi kimekaa mahali pake. Hata hivyo, ina madai matatu ambayo wimbo wenyewe haukuyatoa.

Kwanza, kiima "Wakipsigis" kinawageuza wasichana wachache wa Kapkatet kuwa kabila zima. Pili, kitenzi "waliamini" kinaigeuza taswira kuwa itikadi. Shakespeare, katika tamthilia ya A Midsummer Night's Dream, anampa mfumaji Bottom kichwa cha punda, lakini hakuna mhakiki anayehitimisha kwamba Waingereza waliamini kuwapo kwa watu wa namna hiyo. Mwingereza huruhusiwa kubuni, ilhali msichana wa Kapkatet hulazimishwa kuamini. Tatu, sentensi hiyo inamfuta Tracey mwenyewe. Ufafanuzi wa mkusanyaji unawasilishwa kana kwamba umetoka vinywani mwa waimbaji bila ya mtu kati.

Katika miaka ya 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet. Baadhi ya wenyeji walieleza wakati huo kwamba neno chemirocha lilikuwa limekwisha kuwa jina la kitu chochote kipya na kigeni. Ikiwa ndivyo, huenda wasichana walikuwa wakilichezea jina, si kutangaza imani. Maelezo haya nayo si neno la mwisho, kwani yalitolewa zaidi ya miongo sita baada ya kurekodiwa kwa wimbo. Mhakiki basi anahitaji sentensi inayoweza kubeba maelezo yote mawili bila ya kulimeza lolote kati yake.

3.0 Kazi ya Uanuwai wa Sentensi

Hapa ndipo uanuwai wa sentensi unapopata maana yake. Sentensi iliyotajwa ingeweza kuandikwa upya hivi: "Chemutoi Ketienya na wenzake walimwimba Chemirocha; Tracey ndiye aliyemweleza kuwa nusu mtu nusu swala; kama waimbaji waliliamini jambo hilo au walitania, rekodi haisemi." Sentensi hii ni ndefu zaidi, lakini urefu wake si pambo. Kishazi cha kwanza kinataja watenda kwa kadiri wanavyojulikana. Neno "ndiye" linaubebesha mzigo wa ufafanuzi mtu aliyeutoa. Kishazi cha "kama" kinaacha wazi jambo ambalo halijafungwa. Mwandishi mwenye muundo mmoja tu wa sentensi ana kiwango kimoja tu cha uhakika, na atakipachika kwa kila jambo, liwe limethibitika au la.

Kauli ya kutendwa inadhihirisha hoja hii zaidi. Historia ya eneo lenyewe inaonyesha uzito wake. Kusema kwamba "ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi" ni kusema kweli nusu. Kusema kwamba serikali ya kikoloni iliagiza uhamisho huo kwa sheria ya mwaka 1934 ni kumrejesha mtenda mahali pake. Pamoja na hayo, kauli ya kutendwa si dhambi. Ikiwa mtunzi wa kwanza wa wimbo hajulikani, "ulitungwa" ndilo neno la haki. Kigezo ni iwapo mwandishi anamjua mtenda na anamficha, au hamjui na anakiri hivyo kwa umbo la kitenzi chake. Hali kadhalika, kiambishi hu- cha mazoea katika "Wakipsigis huimba" hulifanya tukio la mwaka 1950 lionekane kuwa desturi isiyo na tarehe.

4.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inamgeuza anayekosea sarufi kuwa mkosefu wa maadili. Pingamizi hili ni zito hasa Kericho na Bomet, ambako Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi. Kikipsigis ni lugha ya Kinilo. Hakina mfumo wa ngeli kama wa Kibantu, na kitenzi chake hutangulia kiima. Chukulia mwanafunzi wa huko ameandika: "Wimbo hii waliimba wasichana wachache, na mzungu ndio alisema ni mnyama." Msahihishaji atabadilisha "hii" iwe "huu", na "ndio alisema" iwe "ndiye aliyesema", kisha atapunguza alama. Mwenzake aliyeandika kwa Kiswahili sanifu kwamba "Wakipsigis waliamini" atapita bila ya kuguswa.

Tathmini kama hiyo imeadhibu kosa dogo na kulisamehe kubwa. Kwa hiyo ni lazima kutofautisha kosa la umbo na kosa la ushahidi. La kwanza linapaswa kusahihishwa, kwani msomaji ana haki ya kuelewa bila ya taabu, lakini husahihishwa kwa mkwaju mmoja wa kalamu. La pili haliwezi kusahihishwa bila ya kuurudia wimbo. Wala mwenye kosa la kwanza hajamdhulumu yeyote.

Pingamizi la pili ni kwamba uangalifu wa namna hii utauzalisha uhakiki wa woga, uliojaa "huenda" na "pengine". Lakini "pengine" iliyotandazwa kila mahali ni muundo mmoja uleule kwa sura nyingine. Kwamba Chemutoi Ketienya aliimba halihitaji "pengine". Alichokusudia kinaihitaji. Uhakika wa sentensi sharti upande na kushuka kwa kufuata ushahidi.

5.0 Hitimisho

Wasichana wa Kapkatet walipewa imani katika lugha ambayo hawakuwa na nafasi ya kuijibu. Waliowapa hawakuwa na nia mbaya, na yamkini waliupenda wimbo kwa dhati. Upendo huo haukuwakinga waimbaji na kiima kipana mno wala kitenzi chenye uhakika kupita kiasi. Anayesahihisha tasnifu ya fasihi, kabla ya kuuliza iwapo sentensi inapendeza, hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyesema, ni nani aliyetenda, na mwandishi amejuaje.