Je, Yatupasa Kumpa Mpagazi Matabishi?



Liko swali ambalo watu wa vijijini hulikuta kila wanaposhuka Kisangani kununua kitu kikubwa: kitanda, kabati, cherehani, friji. Bei imelipwa dukani. Gharama ya kukipeleka nayo imekubaliwa. Vijana wamekifikisha hata mlangoni, wamekishusha, nao wanajipangusa jasho, wala hawaondoki. Mmoja asema kwa adabu, “Mama, na ya maji?” Je, mama huyo yampasa kuwapa kitu juu ya ujira wao? Akiwapa, ametenda haki, au ukarimu, au amewazoeza vibaya? Asipowapa, ametenda dhambi?

Msidhani kwamba swali hili ni dogo kwa sababu fedha yake ni ndogo. Wengi wenu hamtakuwa kamwe na mtumishi nyumbani, wala hamtamwandika mtu kazi kwa mwezi. Huenda saa ile mlangoni ndiyo saa pekee mtakapokuwa bwana juu ya jasho la mwenzenu. Tena wengi wenu mna wana na ndugu waliokwenda mjini kubeba mizigo. Kwa hiyo yatupasa kulitazama jambo hili kwa pande zote mbili.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kisangani ni mji wa kupakua na kupakia. Vyombo vinavyopanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 na zaidi, hukoma hapa, maana mbele yake ni maporomoko ya Boyoma. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilometa 125 kutoka ng’ambo ya kushoto hata Ubundu, ili shehena ipite penye maji yasiyopitika. Bidhaa nyingine huja kwa malori kutoka mashariki. Lakini kutoka gatini au dukani hata mlangoni pa mtu, njia haina meli wala gari la moshi. Zamani baiskeli ziitwazo toleka, yaani “tupite” kwa Kilingala, zilibeba watu na mizigo mjini kote. Siku hizi pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo kabati la milango mitatu, lililochongwa kwa mti wa kambala, halipandi pikipiki. Hupanda pusupusu, mkokoteni wa magurudumu mawili, mmoja akivuta na mwingine akisukuma. Na penye tope hushuka, likachukuliwa mabegani. Mwenye nyumba akiwa anakaa Lubunga, yabidi tena livushwe mto. Hapo mpagazi hubeba mzigo, na pamoja na mzigo hubeba hofu: likianguka, ataulizwa yeye.

Tena kazi ya kubeba imedharauliwa tangu zamani, maana wazee wetu waliifanya kwa kulazimishwa. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 zaidi ya watu laki mbili wa Kongo walitumiwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi kwao. Yamkini ndiyo maana hata leo mtu humwita fundi seremala “fundi”, lakini mpagazi humwita “wewe kijana”, ajapokuwa na mvi.

Sasa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: ujira, matabishi na mlungula.

Ujira ni deni. Mtu amefanya kazi. Fedha ile ni mali yake tangu alipoimaliza, ijapokuwa ingali mfukoni mwako. Torati ya Musa iliamuru kwamba mshahara wa kibarua usilale kwa bwana wake hata asubuhi, na Yakobo mtume aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele mbele ya Mungu. Kanisa limeihesabu dhambi hiyo pamoja na dhambi zimliliazo Mungu mbinguni. Naye Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki. Maana mwenye njaa hukubali hata kisichomtosha. Basi mtu asiseme, “Yeye mwenyewe alikubali,” akadhani amekwisha kujitetea.

Matabishi ni zawadi. Neno hili lilitujia kwa Kireno: mata-bicho, yaani “kuua mdudu”, ndiyo kusema kitu kidogo cha kutuliza tumbo linalouma asubuhi. Wafaransa husema “ya kunywa”, na ndugu zetu wa pwani husema bakshishi, neno la Kiajemi lenye maana ya kipaji. Mnaona kwamba kila taifa limeona neno moja la ujira halitoshi, likatafuta jina la kile kidogo kinachopita ujira. Zawadi haidaiwi. Ikidaiwa kwa nguvu, si zawadi tena.

Mlungula ni kitu cha tatu, nao huvaa nguo za matabishi. Karani anapokataa kuitafuta karatasi ya mzigo wako mpaka umtolee “kitu kidogo”, hapokei zawadi. Anauza wajibu wake, ambao amekwisha kulipwa kwa ajili yake. Namna ya kutofautisha ni nyepesi: matabishi hufuata kazi iliyokwisha kufanywa vema, mlungula hutangulia kazi, au huizuia.

Tukijua hayo, jibu la swali letu laanza kuonekana. Yule mama, kama amelipa ujira wa haki na kwa wakati wake, hana deni lililobaki. Asipotoa matabishi kwa sababu hana, hakutenda dhambi yo yote. Mtu aliyeuza mpunga wa msimu mzima apate kitanda kimoja, hakuwa tajiri siku ile kwa sababu kitanda kimeingia nyumbani. Ampe mpagazi maji safi, amkaribishe kivulini, amwulize jina lake, amshukuru kwa jina hilo. Hayo nayo ni malipo, wala hayapungui kwa kuwa hayahesabiki.

Lakini aliye na uwezo asikimbilie kujificha nyuma ya umaskini wa mwenzake. Someni kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alipotafuta mtu wa kumsindikiza mwanawe safarini, kwanza alipatana naye ujira: drakma moja kwa siku, pamoja na mahitaji ya njiani. Kisha akaahidi kuongeza, wakirudi salama. Na waliporudi, baba na mwana waliona kile kidogo hakitoshi, wakataka kumpa nusu ya mali yote waliyorudi nayo. Tazameni utaratibu wake. Ujira ulitajwa mapema, wazi, kwa hesabu. Nyongeza ilikuja baadaye, kwa furaha, kwa sababu kazi ilipita mapatano. Wala hawakujua kwamba mbeba mizigo wao alikuwa malaika Rafaeli.

Basi matabishi yafaa hasa pale kazi ilipopita mapatano: mvua imenyesha njiani, nyumba ilikuwa mbali kuliko ulivyosema, mlango ni mwembamba ikabidi kabati lifunguliwe na kuungwa tena. Angalieni lakini: ukiwa ulijua kwamba nyumba iko mbali, nawe ukasema iko karibu ili upunguziwe bei, basi unachoongeza mlangoni si matabishi. Ni ujira uliokuwa umeuiba, nawe unaurudisha. Usingoje kushukuriwa.

Sasa tuyasikie maneno ya wapingao.

Wa kwanza husema, “Nikiwapa watakwenda kunywa pombe.” Twajibu: ujira wao wote wangeweza kuunywa pia, wala hupati ruhusa ya kuuzuia kwa sababu hiyo. Zawadi unaweza kuizuia ukiona kweli mtu amelewa kazini. Lakini kumdhania mtu ulevi kwa sababu ni mpagazi, hiyo ni hukumu ya haraka, na mara nyingi si utakatifu bali ni uchoyo.

Wa pili husema, “Nikitoa leo, kesho watamdai maskini asiye nacho.” Neno hili lina nguvu, maana zawadi ya tajiri huweza kuwa kodi ya jirani yake. Kwa hiyo atoaye atoe kwa siri na kwa kiasi, mkono kwa mkono, wala si kwa kutupa noti mbele ya mtaa mzima apate kusifiwa.

Wa tatu ni mwenye duka, naye neno lake ndilo zito kuliko yote. Husema, “Mimi siwalipi vijana hawa, wateja huwapa matabishi.” Hapa, ndugu zangu, ndipo penye hatari. Tuseme mteja amelipa dukani faranga elfu ishirini za kupelekewa friji, naye anadhani vijana watapata sehemu yao. Kumbe mwenye duka ameziweka zote, na vijana wamevuta mkokoteni kwa tumaini tupu. Katika nyumba ya kwanza wakipata, watakula; katika nyumba ya pili wasipopata, watalala njaa, na kazi ni ile ile. Je, hiyo ni zawadi? Sivyo. Ni ujira ulioachwa kwenye bahati.

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika Marekani sheria ya taifa humruhusu bwana kumlipa mfanyakazi apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi zile bakshishi zikamilishe kima cha chini. Na kiasi hicho hakikubadilika tangu mwaka 1991. Hivyo hata nchi tajiri imekubali kwamba mkono wa mgeni ushike sehemu ya deni la bwana. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kinyume cha nia hiyo: madai ya haki yatimizwe kwanza, ili tusitoe kama kipaji cha mapendo kile ambacho tayari ni deni la haki.

Basi mteja afanye nini? Deni ni la mwenye duka, si lake. Lakini ajuaye hufaidi kwa kujua. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, na aulize wazi: “Vijana hawa watalipwa na nani, na kiasi gani?” Ikiwa jibu ni kwamba hawalipwi, na apatane nao mwenyewe mbele ya mwenye duka, akitaka kiasi hicho kipunguzwe katika gharama. Na akiwa amechelewa kujua, vijana wakiwa wamekwisha fika mlangoni, asiwaache waende mikono mitupu kwa sababu kosa ni la mwingine. Awape kadiri awezavyo, kisha siku atakayorudi dukani aseme. Kutoa na kunyamaza kwamsaidia kijana siku moja. Kusema kwaweza kumsaidia mwaka mzima. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo haimwachi kibarua peke yake: aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa ameandikwa kwa mkataba usio na mwisho. Wenye maduka na wajue hivyo. Na wapagazi wajue pia.

Nanyi mliobeba mizigo, au mtakaobeba, neno lenu ni hili. Msiushike mzigo wa mtu kama amana ya vita. Kumwambia mjane, “Hatushushi mpaka utuongeze,” mlipokwisha kupatana naye, ni unyang’anyi, ijapokuwa mikono yenu imechoka. Mkitaka zaidi, semeni kabla ya kufunga kamba. Mkivunja kioo kwa uzembe, msikatae lawama. Lakini ikiwa mti wenyewe ulikuwa na ufa, au mwenye mali aliwaharakisha penye utelezi, si haki mkatwe ujira kwa kosa lisilo lenu. Nanyi mnaweza kulikana kwa heshima, bila matusi.

Kwa kumalizia, mjifunze majibu haya mpate kuwafundisha wengine nyumbani.

Swali: Ujira ni nini?
Jibu: Ni deni la haki kwa kazi iliyofanywa, kuuzuia ni dhambi kubwa.

Swali: Matabishi ni nini?
Jibu: Ni zawadi ya hiari juu ya ujira, kwa kazi iliyofanywa vema.

Swali: Je, asiye na kitu akosa akiacha kuyatoa?
Jibu: Hakosi, mradi amelipa ujira wa haki, naye amempokea mpagazi kama ndugu.

Swali: Je, matabishi yaweza kuwa badala ya ujira?
Jibu: Hayawezi kamwe.

Swali: Mteja akijua kwamba wapagazi hawalipwi, afanye nini?
Jibu: Aulize na kupatana kabla ya kulipa, akichelewa, awape kadiri awezavyo, wala asinyamaze mbele ya mwenye duka.