Nani Alimlinda Munyakei?



Tunazijua zile muvi: steringi anamficha mtu aliyefichua siri za wakubwa, risasi zinarindima, shahidi anafika mahakamani salama. Muvi imeisha, tunapiga makofi.

Mimi namkumbuka David Munyakei wa Kenya. Alikuwa karani Benki Kuu, akatoa nyaraka za kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni yalilipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu. Akakamatwa 1993, akapoteza kazi, akahamia Mombasa. Alifariki 2006 akiwa maskini. Hakupigwa risasi. Aliachwa tu.

Je, kumlinda mtu ni kumkinga na risasi peke yake? Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, iliyotungwa 2015. Lakini sheria haikai kijiweni. Hapa Kilosa, au kule Mikumi kando ya hifadhi, aliyewataja majangili anaishi nasi. Tukimwita mnoko na kususia genge lake, tunamwadhibu kwa kutenda haki. Na akija mtu kudadisi "nani alisema?", Katekisimu (2489) inafundisha kuwa hatulazimiki kumwambia ukweli asiye na haki ya kuujua. Kunyamaza hapo si woga.

Utasema, "Nikimtetea, na mimi nitachukiwa." Inawezekana kabisa. Lakini faida ya ukweli wake tunaila wote. Kwa nini gharama ailipe peke yake?

Unamfahamu mtu wa namna hiyo? Jumapili hii, baada ya Misa, kaa naye.