Mgeni, au Kitu cha Kutazamwa?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, kila aalikwaye ni mgeni? Tulipime swali hili kwa mambo yaliyotokea Ubelgiji.

Mwaka 1958 mji wa Brussels ulifanya Maonyesho ya Dunia, na shabaha iliyotangazwa ilikuwa ulimwengu wenye utu zaidi. Mataifa mengi yalijenga majumba yao, kila moja likionyesha fahari yake. Wenyeji walisimamisha Atomium, jengo la chuma lenye matufe tisa na urefu wa mita 102. Lilikusudiwa kudumu miezi sita tu, nalo lasimama hata leo.

Katika maonyesho yayo hayo palikuwa na kijiji cha Kikongo. Wakongo waliketi nyuma ya ua, wakifanya kazi za mikono huku wakitazamwa. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi. Wakongo wakachukizwa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yao ilipata uhuru.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 wakae katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren, karibu na Brussels. Saba walifia huko. Makaburi yao yako kando ya kanisa.

Basi kosa lilikuwa wapi? Si katika kutazamana, maana watu hujuana kwa kutazamana. Aliyejenga jumba lake alichagua mwenyewe la kusema. Aliyewekewa kijiji alisemewa. Huko Montreal, mwaka 1967, Tanzania, Kenya na Uganda zilishiriki pamoja na mataifa mengine huru ya Afrika katika majengo yaliyounganishwa, yaliyoitwa Africa Place. Hayakuwa marefu kama Atomium, lakini waliokuwamo walikuwa wenye nyumba.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuwanyooshea Wabelgiji kidole. Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu twakumbuka siku za wageni wakubwa. Tuliwapanga watoto wa shule ya mazoezi juani tangu asubuhi, wakacheza ngoma, tukapiga makofi. Kisha tukaingia ndani na wageni kula pilau, nao watoto wakarudi makwao na njaa. Hatukuwachukia, tuliwapenda na kujivunia. Lakini hatukuwauliza neno. Kosa la namna hii halihitaji chuki, ndiyo sababu mtendaji halioni upesi. Kusahau kwamba anayetazamwa naye anatutazama kwatosha.

Askofu ajapo kututembelea, watoto wa mtaa wetu wataimba tena. Safari hii tuwaulize wangependa kuimba nini. Tuwawekee viti kivulini, na chakula chao kipakuliwe kabla ya chetu.