Niuze Pikipiki Ninunue Ditekta?



Mathayo 13:44 ni mstari mmoja tu, lakini ukiusoma mbele ya vijana wa pwani ya Kilwa na Lindi utaona macho yanavyobadilika. Mtu kakuta hazina shambani, akaifukia tena, akaenda kwa furaha kuuza kila alichonacho, akalinunua lile shamba. Kwa wengine huo ni mfano. Huku kwetu wapo wanaousikia kama ramani.

Maana huku, ndugu zangu, karibu kila kijiji kina hadithi yake ya hazina. Ati Mjerumani alipokimbia wakati wa Vita Kuu alifukia masanduku chini ya mbuyu. Ati masultani wa Kilwa waliacha dhahabu mahali fulani ndani ya Husuni Kubwa. Hadithi hizi hazikuota hewani. Hata neno letu "hela" limetoka kwa Mjerumani: ni heller yake, sarafu ndogo iliyoanza mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Mwaka 1916, alipokuwa amebanwa na Waingereza na njia ya bahari imefungwa, alipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, kwenye karakana ya reli, zenye picha ya tembo. Zilikuwa kama 16,000 hivi. Na Kilwa kweli ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Kwa hiyo ukweli kidogo upo, juu yake kuna uongo mwingi, na juu ya uongo kuna watu wanaokula. Anakuja anayejiita mtaalamu, anataka pesa ya kuanzia kazi, anataka kuku, anataka kazi ifanyike usiku. Asubuhi shimo lipo, mtaalamu hayupo.

Siku hizi vijana wameamua kumruka mtaalamu na kununua mashine wenyewe. Ndipo likaja swali. Dereva mmoja wa bodaboda, anayeimba besi kwenye kwaya yetu, aliniuliza baada ya kikao cha VIWAWA: "Frateri, si Yesu mwenyewe kasema yule mtu aliuza vyote? Sasa mimi nikiuza pikipiki nikanunua ditekta, kosa langu liko wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Swali ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni, na ile pikipiki ndiyo inayomsomesha mdogo wake wa kike. Nilimwahidi jibu la maandishi, na ninyi wengine someni, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwanza niseme kwamba mashine yenyewe naijua. Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye hutafuta dhahabu machimboni, aliniachia ya kwake kwa wiki mbili baada ya kunifundisha. Nimeipenda. Ile sahani ya chini ina waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku inaingia ardhini. Ikikuta metali, inaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na hiyo mikondo nayo inarudisha nguvu yake kidogo. Mashine inalisikia lile jibu na kuligeuza mlio. Basi. Haijui thamani, haijui umri, haijui mwenyewe ni nani. Na haioni mbali kama watu wanavyodhani: sarafu moja, mashine ya kawaida huisikia kwa kina cha shubiri hivi. Kitu kikubwa husikika chini zaidi, lakini habari za kuona sanduku lililo chini ya mwamba ukiwa umesimama barabarani, hizo ni za muuzaji.

Anayeanza huipunga kama anafyeka majani, mwisho wa kila mpigo sahani inapaa juu, na hapo inakuwa inapima hewa. Mjomba alinifundisha kuipitisha chini kabisa, sambamba na ardhi, polepole, kila mpito ulale nusu juu ya ule uliotangulia. Kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari kuna kazi nyingine tena. Chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo mashine inapiga kelele hata pasipo na kitu. Inabidi kwanza uisawazishe na ardhi uliyosimama juu yake mpaka inyamaze. Mjomba alinikataza kutafuta chochote kabla haijanyamaza. (Waliowahi kufanya mafungo ya kimya wananielewa. Siku ya kwanza yote ni kelele za chumvi.)

Halafu kuna milio. Chuma hulia chini, kwa sauti nzito. Fedha na shaba nene hulia juu. Katikati ndiko kwenye matatizo: huko kuna karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kuna kile kishikio cha kopo la soda, na huko huko kuna pete ndogo ya dhahabu. Zinalia karibu sawa. Mashine ina kitufe cha kuzima milio ya takataka, na watu wengi hukibonyeza ili wasichoke kuchimba. Ukikibonyeza umezima takataka, na pete umeizima pia.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulifika kwa Plato, kwenye mazungumzo ya Sokrate na Meno. Meno anauliza: utakitafutaje kitu usichokijua, na hata ukikigusa utajuaje kuwa ndicho? Darasani swali lile lilionekana la ujanja ujanja tu. Ukiwa umepiga magoti mchangani na ndoo ya vizibo, linakuwa swali la kweli. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alilijibu kwa namna yake alipofundisha kupambanua roho: moyo nao unalia, lakini mlio pekee hauonyeshi kilicholia. Kijana anasikia mlio mkali kwa msichana, kwa wito, kwa biashara ya haraka, na anakimbilia kuapa kwamba ni Mungu. Mwingine ameumizwa mara mbili, akabonyeza kitufe, sasa hasikii kitu chochote. Inyasi angewaambia wote wawili wachimbe taratibu, watazame kilichotoka, kisha watazame baada ya siku kadhaa kimewaacha na amani au na ukavu.

Sasa twende kwenye pikipiki.

Angalia mpangilio wa matendo katika ule mstari. Yule mtu aliona kwanza, akauza baadaye. Hazina ilikuwa imeshaguswa kwa mkono wake. Hakuuza vyote kwa sababu kuna mtu alimsimulia kijiweni. Wewe unataka kuuza kwanza, kisha uanze kutafuta. Hiyo ni bahati nasibu, na mfano haukuihubiri. Tena ng'ombe wako yuko zizini na anakamuliwa kila siku: pikipiki inalipa ada. Huwezi kuchukua ada ya mdogo wako ukaiita "vyote nilivyonavyo." Hiyo si yako peke yako.

Pili, alinunua shamba. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitazama jambo hili kwa makini katika Summa yake, pale anapozungumzia wizi. Anasema hazina iliyofukiwa zamani na isiyo na mwenyewe anaweza kuichukua aliyeikuta, lakini sheria ya nchi ilimpa mwenye ardhi nusu yake. Ndiyo maana, anasema Thoma, Injili inataja kwamba yule mtu alilinunua shamba: ili apate haki ya hazina yote. Miaka zaidi ya mia saba iliyopita mtu anauliza swali ambalo vijana wetu hawaulizi kabisa. Shamba ni la nani?

Kilwa Kisiwani shamba si lako, wala la kwangu. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na kuchimba ili kuvitafuta kunataka leseni. Najua mtaniambia, "Frateri, sheria ya serikali hiyo, sisi tunaongea mambo ya Mungu." Haya, tuongee mambo ya Mungu.

Sarafu za Kilwa nyingi sana ni za shaba, ndogo, nyepesi. Za dhahabu zinazojulikana unaweza kuzihesabu kwa vidole. Upande mmoja zina jina la sultani, Ali bin al-Hasan kwa mfano, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, yenye vina vinavyolingana na lile jina. Ukiipeleka kwa mnunuzi wa shaba chakavu, hupati hata nauli ya kurudi. Lakini ikiwa pale ilipodondoka, juu ya sakafu fulani, kando ya kigae fulani, inasema. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, tabaka kwa tabaka, na sarafu zilimsaidia kujua jengo lipi lilitangulia lipi. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, pamoja na nyingine za Kiholanzi, akaweka alama kwenye ramani mahali alipozikuta. Shaba tano tu! Mpaka leo wataalamu wanaulizana zilifikaje huko. Bila ile alama ya ramani zingekuwa vipande vya shaba kwenye kopo. Kijana anayechimbua usiku na kufukia haraka haraka anaondoka na shaba, na kile ilichokuwa inasema kinapotea kwa wote, hata kwa wajukuu zake. Na wale jirani zetu Waislamu, ambao misikiti na makaburi ya wazee wao yako pale, huwezi kwenda kuwachimbulia usiku kisha Jumapili ukapokea Komunyo kana kwamba hakuna kitu.

Halafu kuna mashamba yenye watu. Ukitoka Lindi mjini kwenda Masasi unapita Nyangao, na karibu na hapo ni Mahiwa. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana pale siku nne, na waliouawa na kujeruhiwa walikuwa maelfu. Wengi walikuwa Waafrika: askari wa Mjerumani, wanajeshi walioletwa kutoka Nijeria, na wapagazi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Ardhi ya vita kama ile inalia ukipita na mashine, na kinacholia ni maganda ya risasi. Mabomu ya zamani nayo hayana tarehe ya kuisha. Ukikuta chuma kizito usichokielewa, usigonge, usichimbe, waite polisi. Mimi huko siendi na ditekta. Nikienda, nitakwenda na rozari.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwimbaji wetu wa besi: usiuze. Mfano wenyewe unakukatalia mara mbili. Ufalme ambao yule mtu aliuzia vyote umeshafukuliwa, uko wazi kila siku altareni, na mpaka sasa hakuna aliyekudai pikipiki kwa ajili yake. Siku ukidaiwa, kama alivyodaiwa yule kijana tajiri, tutakaa chini tuzungumze upya, na siahidi kwamba nitakushauri vilevile.

Lakini ditekta sijaichukia. Mjomba ameniongezea muda, na kazi ninayo. Mama mmoja wa kigango chetu, mjane, alikuwa anachokoa pweza maji yalipotoka, pete yake ya ndoa ikachomoka kidoleni, ufukweni pale Jimbiza, Kilwa Masoko. Anapajua mahali, kati ya ngalawa mbili zinazoegeshwa daima palepale. Nilipomsomea Luka 15, yule mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba nzima kwa sababu ya sarafu moja, alisema, "Huyo namwelewa," akanyamaza.

Hapo mwenye kitu anajulikana na kitu chenyewe kinajulikana, kwa hiyo kila mlio tunachimba, hata ule wa karatasi ya sigara. Hasa ule. Tumeshamaliza bamvua mbili. Tumepata vizibo visivyo na idadi, chubwi nne, ndoana, msumari mrefu wa chombo ulioliwa na kutu, na shilingi mia. Pete bado. Jumamosi mwezi utakuwa mpevu na maji yatakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Mashine ipo. Atakayekuja alete ndoo, chekecheo na koleo dogo.