Kamera ya Dubai na Hesabu ya Nyumbani

Kijana mmoja wa Tanga alikuwa akipiga picha za harusi kwa kamera ya kukodi. Kila sherehe ilipokwisha alimlipa kwanza mwenye kamera, naye akabaki na kilichosalia. Alijinyima mpaka akapata fedha za kununua ya kwake. Kariakoo, kamera aliyoitaka iliuzwa kwa shilingi zinazolingana na dola 1,350 za Marekani, kodi ikiwa imeshalipwa na waranti ya wakala ikiwa mkononi.

Wakati huo shangazi yake, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa akijiandaa kwenda Dubai na alihitaji mtu wa kumsaidia mizigo.

"Shangazi, nichukue mimi," kijana akaomba. "Nasikia kamera kule ni rahisi."

"Twende, mwanangu. Nauli na chumba ni juu yangu," shangazi akamjibu. "Ila chukua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari."

La safari alilisikia vizuri. La daftari likampita.

Walipofika, akaenda Bur Dubai, mtaa wa Al Fahidi, kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme. Muuzaji mmoja akamtajia dirhamu 4,200. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo hesabu haikumsumbua: dola 1,144 hivi. Akaona ameokoa dola 206, akatoa kadi ya benki papo hapo.

Mashine ya kadi ikamuuliza: alipe kwa dirhamu au kwa shilingi? Akachagua shilingi kwa kuwa ndizo alizozijua, asitambue kwamba anayechagua hivyo hubadilishiwa fedha kwa kiwango cha wenye mashine, ambacho mara nyingi humuumiza mnunuzi. Alipofungua boksi akakuta chaja haimo. Akaambiwa inauzwa peke yake, akailipia. Waranti aliyopewa ilikuwa karatasi yenye muhuri wa duka.

Siku ya kuondoka akakumbuka kwamba watalii hurudishiwa kodi. Ni kweli. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya asilimia 5 mwaka 2018, na mwaka huohuo zikaweka utaratibu wa kumrejeshea mgeni. Lakini utaratibu huo huanzia dukani: duka liwe limesajiliwa, mnunuzi aoneshe pasipoti, ununuzi uingizwe kwenye mfumo, kisha bidhaa ihakikiwe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Yeye alikuwa na risiti ya kuandikwa kwa mkono, na boksi lilikuwa limekwishaingia kwenye sanduku lililochukuliwa. Na hata angefuata yote, asingerudishiwa kodi nzima, kwani hukatwa ada.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, afisa forodha akamuuliza kamera ni ya nini. Kijana hakusema uongo: ni ya kazi. Basi ikahesabiwa kuwa kifaa cha biashara. VAT ya Tanzania ni asilimia 18, na asilimia 18 ya dola 1,144 ni dola 206. Faida yote aliyoiona mtaa wa Al Fahidi ikaishia kwenye kaunta hiyo, kabla hata ya kuhesabu tozo nyingine, chaja na hasara ya kubadilisha fedha.

Ukafika mfungo mosi, mwezi wa harusi nyingi pwani. Katikati ya ndoa moja kamera ikagoma kufunga na kufungua shata. Akaipeleka kwa wakala wa kampuni. Wakala akatazama namba ya boksi, akasema kamera hii ililetwa kwa soko la Ghuba, waranti yake haifiki hapa. Matengenezo akayalipia mwenyewe, na msimu wote akarudi kukodi kamera ya mwenzake.

Kisa hiki hakimkatazi mtu kununua ugenini. Kinamwonya anayelinganisha bei ya dukani kule na bei ya dukani hapa, akadhani amemaliza hesabu. Bei ya kweli ya kamera ni jumla ya fedha zote zitakazokutoka mpaka iwe inafanya kazi mkononi mwako nyumbani, ikiwa na mtu wa kuitengeneza inapoharibika.

Kwa hiyo, kabla ya safari, andika bei kamili ya nyumbani, pamoja na waranti. Uliza mamlaka ya forodha ya nchi yako msamaha wa msafiri unafikia kiasi gani na unahusu vitu gani. Usipange kuficha: kilichofichwa kikikamatwa, gharama hupita kodi yenyewe. Nauli nayo iingize kwenye hesabu, kwani anayesafiri kwa ajili ya kamera tu hupata hasara kabla hajafika dukani.

Ukiwa dukani, tafuta wakala anayetambuliwa na kampuni. Linganisha namba iliyo kwenye kamera na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Soma waranti inatambulika nchi zipi. Hakikisha betri na chaja vimo, washa kamera, upige picha. Tazama lugha pia: kamera nyingi za Sony zinazouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Na mashine ya kadi ikikuuliza, lipa kwa fedha ya nchi uliyomo.

Ukiona tofauti bado ni kubwa baada ya hayo yote, nunua kwa moyo mweupe. Ikiwa ni ndogo, nunua nyumbani, kwa sababu tofauti ndogo haiwezi kulipia harusi moja utakayoikosa. Vijana wetu wengi hununua kamera kwa akiba ya miaka, na kamera hiyo ndiyo jembe lao. Akiba ya namna hiyo inastahili daftari, kalamu na jioni moja ya kupiga hesabu kabla ya kukata tiketi.