Tuombe, na Tumnyweshe Mgonjwa



Katika maombi ya wagonjwa tunasikia neno hili mara nyingi: mtoto anaharisha, jirani amemroga, basi tufunge na kuomba, zahanati baadaye. Hatuwezi kulinyamazia. Kipindupindu hakingoji mfungo uishe. Humkausha mtu maji ya mwili, na kinaweza kumwua hata mtu mzima kwa saa chache.

Kinaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kitokacho katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, chakula au mikono. Tusome Kumbukumbu la Torati 23:12-13. Israeli nao walikaa kambini, na Mungu akawaagiza wachimbe nje ya kambi na kufukia. (Wahubiri wengi huiruka mistari hiyo!) Na katika 2 Wafalme 20, Mungu alikuwa amekwisha kusikia maombi ya Hezekia, lakini bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu.

Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh waliingia India kwa mamilioni, na kipindupindu kikawashika. Huko Bongaon, maji ya kutundika mshipani yalipokuwa yakiisha, daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na sukari katika maji, akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Mbele ya hapo walikufa karibu 30 kwa kila 100. Baadaye hawakufika 4. Walioshika vikombe ni mama na kaka zao, wakimbizi kama sisi.

Sukari husaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya usawa, chumvi nusu kijiko. Chumvi isizidi, ni hatari. Mtoto anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwendelee. Asiachishwe ziwa. Naye apelekwe zahanati upesi, hata usiku. Ombeni mkiwa njiani.

Jumapili baada ya ibada tutachanganya pamoja. Kila nyumba ije na chupa ya lita 1 na kijiko cha chai. Akina baba pia.